Kusawazisha joto kwenye raki ya nyoka, droo kwa droo

Swali hurudi lilelile, namba tu ndizo zinazobadilika: "Thamostati inasoma 32, lakini droo ya juu ina 34 na ya chini ina 28. Ninunue thamostati nyingine?"

Hapana. Thamostati yako, yaani kifaa kinachoongeza na kupunguza umeme wa joto, ni nzima. Inajua joto la nukta moja tu, pale kihisi chake kilipobandikwa, na droo nyingine zote zinafuata mkumbo. Raki yenye joto sawa ni ile iliyokaa kwenye chumba kilichotulia, kanda zake za joto zimelala vizuri na droo zake zinafanana. Ukiyapuuza hayo, hata thamostati ya bei mbaya haitakusaidia.

Maelezo haya ni ya raki ya kawaida: rafu zilizopangana, droo za plastiki zisizo na vifuniko, na ukanda wa joto unaopita chini ya sehemu ya nyuma ya droo za kila rafu. Anayetumia waya wa joto badala ya ukanda afuate hatua hizihizi, ila ahakikishe waya haujikatizi wala kujigusa popote. Pale unapojigusa ndipo unapoungulia.

Joto unalolitafuta

Chatu mpira (Python regius) anahitaji sakafu yenye nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi upande wa joto, na 25 hadi 27 upande wa baridi. Boa yuko karibu na hapo. Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus) anatosheka na 29 hadi 30, upande wa baridi ukiwa 22 hadi 25. Kwa hiyo usimweke nyoka wa mahindi na chatu kwenye raki moja inayoendeshwa na thamostati moja. Mmoja wao ataumia.

Tuelewane pia kuhusu usawa wenyewe. Tunasawazisha droo na droo, hatusawazishi ndani ya droo. Ndani ya droo moja nyoka lazima apate pa kuota joto na pa kupoa, la sivyo hana namna ya kurekebisha joto la mwili wake. Droo yenye nyuzi 31 kila kona ni mtego.

Lengo: sehemu za joto za droo zote zisipishane zaidi ya nyuzi 1. Kuhangaikia nusu nyuzi ni kujichosha bure.

Viwe mkononi kabla ya kuanza

- Ukanda wa joto wa aina moja na upana mmoja kwa rafu zote, unaolingana na volti za umeme wako
- Thamostati ya kupunguza nguvu polepole au ya mapigo, yaani inayotuma umeme kwa vipindi vifupifupi. Ile ya kuwasha na kuzima tu itafanya kazi, ila joto litapanda na kushuka zaidi
- Thamostati ya pili, hata ya bei nafuu, kwa ajili ya kinga
- Vipimajoto vya kidijitali vyenye vihisi vya waya, angalau vitatu
- Kipimajoto cha kulenga, kile chenye umbo la bastola
- Tepu ya alumini na tepu nyeusi ya umeme
- Klipu za kuungia ukanda, pamoja na vifuniko vyake vya kuzuia shoti
- Shiti za povu gumu za unene wa sentimita 2 hadi 3
- Feni ndogo yenye mwendo wa chini
- Karatasi na kalamu

Upana wa ukanda utegemee urefu wa droo. Ufunike robo hadi theluthi ya sakafu, usizidi hapo. Kwa droo ya sentimita 90, ukanda wa sentimita 28 ni sawa. Kwa droo fupi za vifaranga vya nyoka, sentimita 7 au 8 zinatosha.

Hatua kwa hatua

1. Tuliza chumba kwanza. Ukanda wa joto unapasha sakafu ya droo. Hewa ndani ya droo inafuata zaidi chumba. Chumba kikiwa 19 alfajiri na 30 mchana, hakuna namna ya kubandika kihisi itakayokuokoa. Lenga chumba kisipungue 23 wala kisizidi 27, mchana na usiku.

Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo droo ya juu inakaa kwenye hewa tofauti na ya chini. Pima: kipimajoto kimoja usawa wa rafu ya chini, kingine usawa wa rafu ya juu, uviache usiku mzima. Tofauti ikizidi nyuzi 2, washa feni kwa mwendo wa chini kabisa na uielekeze darini. Usiielekeze kwenye raki. Feni inayopuliza droo moja kwa moja inazipoza zile zilizo mbele yake na kukausha unyevu.

Raki isiguse ukuta wa nje. Acha sentimita 5 hadi 10. Iinue kutoka sakafuni sentimita 10 au zaidi, hasa kwenye sakafu ya saruji au vigae. Na isipigwe na jua la dirishani hata kwa saa moja kwa siku. Jua kwenye plastiki hupandisha joto la droo kuliko ukanda wowote, na thamostati haina uwezo wa kulizima jua.

2. Vipime vipimajoto vyenyewe. Ponda barafu, ijaze kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, koroga na usubiri dakika chache. Tumbukiza vihisi visivyopitisha maji: kila kimoja kinapaswa kusoma 0. Kinachosoma 1.2 kibandike karatasi yenye maneno "toa 1.2". Kisha vifunge vyote pamoja kwa mpira, uviache mahali pamoja kwa saa moja, ulinganishe. Malalamiko mengi ya "droo zangu hazilingani" huishia hapa: droo zinalingana, vipimajoto ndivyo havielewani.

3. Ziba raki. Hapa ndipo penye siri ya droo za juu na za chini. Fikiria ukanda wa rafu ya tatu: unapasha droo iliyokaa juu yake, na pia ubao wake unapasha paa la droo ya rafu ya pili. Droo za katikati zinapata joto la chini na la juu. Droo ya juu kabisa haina ukanda wowote juu ya paa lake, na droo ya chini kabisa inapoteza joto kupitia ubao wa chini. Ndiyo maana rafu hizi mbili husumbua hata kwenye raki iliyotengenezwa vizuri.

Weka shiti ya povu juu ya ubao wa juu wa raki, na nyingine chini ya ubao wa chini kabisa, upande wa nje. Ziba mgongo wa raki kwa plaibodi au ubao mwembamba, ukiacha nafasi ndogo ya nyaya. Pande zikiwa wazi, ziba nazo. Povu likae nje ya mbao siku zote; likigusa ukanda, joto hukwama na ukanda unaungua.

Usizibe matundu ya hewa ya droo. Yakizibwa joto litapanda kidogo, ni kweli, lakini na unyevu utatuama na nyoka ataugua.

4. Laza kanda. Kila ukanda ulale bapa kwenye rafu, usawa wa sehemu ya nyuma ya droo, umbali uleule kutoka ukingo wa nyuma kwa kila rafu. Tofauti ya sentimita 3 kati ya rafu na rafu inaonekana kwenye vipimo. Kama unaweza, chonga mfereji wa kina cha milimita 2 au 3 kwenye ubao ili droo isiusugue ukanda kila inapovutwa. Bandika kingo zake kwa tepu ya alumini. Usiukunje, usiupandanishe, na ukiukata, kata kwenye alama za mtengenezaji tu.

Ukanda hauingii ndani ya droo kamwe. Mkojo, maji na ukanda wa umeme havikai pamoja.

5. Unganisha umeme. Kila ukanda upate tawi lake kutoka kwenye waya mkuu, yaani sambamba. Ukiunga kanda mbili zinazolingana kwa mfuatano, yaani umeme upite mmoja ndipo ufike wa pili, kila mmoja unapata nusu ya volti na kutoa robo ya nguvu yake, kisha unakaa siku nzima ukijiuliza mbona rafu mbili ni baridi.

Ukanda uliotengenezwa kwa volti 120 usiuchomeke kwenye umeme wa 230. Nguvu yake itapanda karibu mara nne. Hapo hatuzungumzii tena joto la nyoka, tunazungumzia moto wa nyumba.

Piga hesabu ya wati. Ukanda wa wati 30 kwa mita, rafu 6 zenye ukanda wa sentimita 90 kila moja: 30 × 0.9 × 6 = wati 162. Thamostati ya wati 200 inatosha kwa karatasi, lakini chukua ya 300 ili isifanye kazi ukingoni. Ncha za shaba zilizokatwa zifunikwe zote. Kama hujawahi kuunga umeme, mwite fundi umeme. Ni kazi fupi kwake.

6. Bandika kihisi. Kwa rafu ya katikati. Usikiweke ndani ya droo: nyoka atakisukuma, au atamwaga maji juu yake, thamostati itaona baridi na kuwasha nguvu zote huku droo nyingine zikiungua.

Kihisi kikae chini ya ukanda, kwenye mfereji mdogo uliochongwa ubaoni, kikigusana na upande wa chini wa ukanda. Kikiwekwa juu ya ukanda kitainua droo na kuacha mwanya. Kibandike kwa tepu ya alumini, kisha waya wake ufungwe kwenye mbao kwa klipu mahali pawili. Klipu hizo ndizo zinazokulinda. Kihisi kikichomoka na kuning'inia kwenye hewa ya nyuzi 24, thamostati itaamini kuna baridi na haitazima tena.

7. Kagua droo zenyewe. Geuza kila droo uangalie chini. Nyingi zina mbavu au vijiguu vya plastiki, na nyingine zimepinda katikati kwa sababu ya joto la miaka. Weka droo kwenye meza iliyonyooka, bonyeza kona moja baada ya nyingine: inayotikisika haigusi ukanda sawasawa. Mwanya wa milimita 3 za hewa kati ya plastiki na ukanda unatosha kuifanya droo moja iwe baridi kuliko jirani yake kwenye rafu hiyohiyo, na hakuna kipimo cha thamostati kitakachokuonyesha hilo. Droo zilizopinda zihamishie kazi nyingine. Zinazobaki ziwe za aina moja, zenye matundu yaleyale, idadi ileile.

Matandiko nayo ni blanketi. Sentimita 1 hadi 2 zinatosha. Ukiweka 5 kwenye droo moja na gazeti kwenye nyingine, joto la juu ya matandiko halitalingana, na nyoka akifukua atakuta sakafu yenye moto kuliko ulivyodhani. Ndiyo sababu tunapima chini ya matandiko, kwenye plastiki, si juu yake. Bakuli la maji liwe upande wa baridi.

8. Washa bila nyoka, saa 48. Droo zote ziwe na matandiko, maji na maficho kama zitakavyokuwa. Anza na thamostati kwenye 31. Baada ya saa 12 chukua vipimo vya kwanza: kila rafu, sakafu ya upande wa joto na sakafu ya upande wa baridi. Rudia alfajiri, mchana na usiku. Andika kwenye karatasi, safu moja kwa kila rafu, pamoja na joto la chumba saa hiyo. Bila joto la chumba, namba zako hazikuambii kitu.

Kipimajoto cha kulenga ni chepesi kwa kazi hii, lakini kinadanganywa na vitu vinavyong'aa. Kikilengwa tepu ya alumini kitatoa namba isiyo na maana. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme pale unapotaka kupima, kisha lenga hapo, kwa karibu. Wala hakisomi kupitia plastiki. Kinasoma uso wa kitu kinachokiona.

9. Rekebisha, jambo moja kwa wakati. Kwanza rekebisha namba ya thamostati mpaka rafu yenye joto zaidi ifike 32 kwenye sakafu ya droo (30 kwa nyoka wa mahindi). Usishangae thamostati ikisoma 34 au 35 wakati sakafu ni 32. Kihisi kiko kwenye ukanda, na plastiki ya droo iko katikati. Namba ya sakafu ndiyo ya kuamini.

Kisha tazama rafu zilizobaki nyuma. Ongeza povu, sogeza feni, badilisha droo. Kila badiliko lipe saa 6 kabla ya kupima tena. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hajui kilichosaidia.

Tofauti ikibaki zaidi ya nyuzi 2 baada ya yote hayo, gawa raki mara mbili: rafu za juu thamostati yake, za chini yake, kila moja na kihisi chake kwenye rafu zake. Raki zenye rafu zaidi ya 8 mara nyingi huishia hapa, na si aibu.

10. Funga kinga. Thamostati ya pili ikae kwenye njia ya umeme kabla ya ile kuu, kihisi chake kwenye ukanda wa rafu yenye joto zaidi, imewekwa nyuzi 3 juu ya joto la kawaida la ukanda huo. Siku zote itakuwa imewashwa bila kufanya lolote. Siku ile thamostati kuu itakapokwama ikiwa imewaka, hii itakata. Ijaribu: pasha kihisi chake kwa kikaushia nywele uone kama inakata kweli.

Kinga hii si ya hiari. Baridi ya saa chache haimuui nyoka mzima mwenye afya. Sakafu ya nyuzi 40 na zaidi inamuunguza tumbo, na nyoka anaweza kuendelea kulala palepale bila kuondoka.

Makosa yanayojirudia

Kupandisha thamostati kwa ajili ya rafu moja baridi. Rafu nyingine zote zinapanda nayo, na aliyekuwa kwenye 32 sasa yuko kwenye 35.

Kupima droo ikiwa imevutwa nje. Ndani ya dakika moja au mbili sakafu imeshapoa. Vuta kiasi, lenga, rudisha. Au tumia kihisi cha waya kilicholazwa ndani.

Kuamini kipimajoto cha mviringo cha kubandika ukutani mwa droo. Kinapima hewa ya pale kilipobandikwa, na mara nyingi hata hiyo kinakosea.

Kupanga kwa kujaza rafu za juu tu. Droo tupu au nafasi isiyo na droo inaachia joto liondoke. Weka droo tupu yenye matandiko ili kila rafu ifanane.

Ikitokea hivi

*Rafu nzima ni baridi, nyingine ziko sawa.* Gusa ukanda ukiwa makini. Kama hauna joto kabisa, klipu imelegea au imekata. Zima umeme, ikaze upya. Kama una joto kidogo tu, kagua kama haukuungwa kwa mfuatano.

*Droo moja tu ni baridi.* Droo imepinda, maji yamemwagika chini ya matandiko, au kuna kitu kimekwama kati ya droo na ukanda. Ibadilishe na jirani yake: ubaridi ukihama nayo, tatizo ni droo, ukibaki palepale, tatizo ni rafu.

*Upande wa baridi unafika 29 au zaidi.* Usipunguze ukanda kwanza. Chumba kina joto, au ukanda ni mpana mno kwa droo hiyo.

*Joto linapanda na kushuka nyuzi 3 kila nusu saa.* Thamostati ni ya kuwasha na kuzima, au kihisi kimeachia na hakigusi ukanda. Kibandike upya kabla ya kununua kifaa kipya.

*Umeme umekatika.* Usifungue droo. Funika raki kwa blanketi, ukiliondoa mara umeme ukirudi. Usilishe mpaka joto lirudi. Nyoka aliyekula anahitaji joto ili kumeng'enya, akipoa anaweza kutapika. Umeme ukirudi, kitu cha kwanza ni kuangalia namba ya thamostati. Baadhi hurudi kwenye namba ya kiwandani.

*Kuna harufu ya kuungua, au ukanda una doa la kahawia.* Zima sasa hivi, toa ukanda huo, na usijaribu kuukata sehemu iliyoungua ili utumie iliyobaki. Tafuta kilichousababisha, yaani mkunjo, povu lililougusa au klipu iliyolegea, kabla ya kulaza mpya mahali pale.